Safu ya Waliopanda

Miaka thelathini na mmoja nilikaa chumba cha taa,
mlangoni pa mgodi, kwenye milima ya Imereti,
nikigawa mwanga kwa wanaume wenye usingizi.
Kila mmoja taa yake, na kila mmoja
kipande cha shaba chenye nambari,
ukubwa wa sarafu, ubaridi wa alfajiri.
Kipande kikiwa msumarini, mtu yuko juu.
Msumari ukiwa mtupu, mtu yuko chini.
Hiyo ndiyo teolojia niliyosomea.

Daftari langu lilikuwa na safu mbili tu:
Walioshuka. Waliopanda.

Siku ile ya Machi misumari mitatu ilibaki mitupu.
Mia mbili kumi na nne: Anzori wangu,
aliyeondoka akinung'unika kwamba maharage hayana chumvi.
Themanini na saba: Valiko, aliyedaiwa na kila mtu.
Mia tatu na mbili: Gocha wa Zhuzhuna, miaka kumi na tisa,
aliyeshika zamu ya baba yake mwenye homa.
Wawili tuliwapata siku ya nne.
Gocha, mlima ulikataa kumtoa;
tukazika koti lake la Jumapili na jozi ya viatu.

Msimamizi akaja na wino mwekundu:
"Piga mstari, Mzevinari, tufunge ukurasa."
Nikamwambia daftari hili halina safu ya waliokufa.
Akasema, basi ichore.
Sikuichora.

Leo ni Jumatatu baada ya Pasaka.
Nimechemsha mayai kwa mizizi ya rangi
hadi yakawa mekundu kama jeraha jipya.
Nimebeba ngano niliyoiotesha sahanini, dirishani,
juu ya pamba mbichi. Wiki mbili nyuma
ilikuwa punje kavu za kutupiwa kuku;
sasa inanichoma kidevuni
ninapopanda nayo kilima cha makaburi.
Watu wamejaa. Kila uzio wa chuma una meza,
kila meza ina divai,
na nyuso za marehemu, zilizochongwa kwenye mawe meusi,
zinatutazama tukila
kama wenyeji wanaosubiri wageni washibe.
"Kristo amefufuka!" tunaitana kaburi hadi kaburi.
"Kweli amefufuka!" anajibu hata Otia mlevi,
ambaye kwa swali jingine lolote huwa hana jibu.

Zhuzhuna ameketi kwa mwanawe.
Kila mwaka ananiuliza lilelile:
"Siku hiyo atatokea wapi?
Hapa penye koti, au kule kwenye makaa?
Nisimame wapi nimpokee?"
Padri alishamjibu, tena vizuri. Hakutosheka.
Mimi sijui. Mimi nilikuwa mtu wa taa.
Najua tu kwamba ile kamba ya winchi, nene kama mkono wangu,
sikuwahi kuiona ikianza kuvuta.
Nilisikia mtetemo sakafuni,
vikombe vikigongana kwenye rafu,
nikajua: wanakuja, injika birika.

Tunaviringisha yai juu ya udongo wake, kama ilivyo desturi,
nami nasema maneno niliyojitungia:

     Shuka, yai, taratibu,
     hata giza lina jibu;
     kamwambie yu karibu
     Atakayefungulia.

Yai halikushuka taratibu. Liligonga jiwe, likapenya uzio,
likakimbia kilima kizima hadi miguuni pa mbwa wa mchimba kaburi,
na Zhuzhuna akacheka
hadi kitambaa kikamdondoka kichwani.
"Amelikataa," akasema. "Tangu utotoni hakupenda mayai."
Kisha akakaa kimya muda mrefu,
mkono wake juu ya ngano.

Mgodi umefungwa. Misumari imeng'olewa.
Daftari niliiba. Liko chini ya godoro
pamoja na vipande viwili vya shaba;
cha tatu anacho mwenyewe.
Ukurasa wa Machi, mkono wa kushoto, majina matatu.
Mkono wa kulia, karatasi nyeupe.
Penseli nimeichonga.
Usiku nalala karibu na kabati la vikombe.