Chini ya Kilo Tano

Miaka kumi na tisa nilisimama Igogo,
buti za mpira, koti jeupe, kalamu sikioni,
nikiita namba: ishirini na nane, thelathini na mbili,
arobaini kamili! Hapo wote waligeuka kumtazama,
sangara mwenye tumbo kama gunia la chumvi.
Minofu ilipanda ndege kabla ya jua.
Sisi tulibaki na mapanki,
na bei, ambayo hatukuwahi kuiona ikizaliwa:
ilikuja kwa simu, saa nne asubuhi,
meneja akaiandika ubaoni kwa chaki
kama anayeandika jina la marehemu.

Mtaa mzima ulikula kwenye mdomo wa samaki mmoja.
Magesa wa barafu. Nyamizi na masufuria yake ya wali.
Mwenye nyumba wetu, aliyepandisha kodi
kila sangara alipopanda.
Hata sadaka ya Jumapili ilinuka shombo.

Baba alinicheka mapema.
Yeye alikuwa karani wa pamba, upande wa Magu,
alipima marobota mpaka msimu ule bei ilipolala isiamke.
Leo kuku hutaga juu ya mizani yao.
"Umebadilisha mzigo tu, mwanangu," alisema.
"Kamba ni ileile."
Nikamjibu kwamba ziwa halina kiangazi.

Basi.
Mwaka juzi wakaanza kuja wadogo,
wa kilo mbili, wa kilo na nusu,
watoto waliotoroshwa shuleni.
Ikafutwa zamu ya usiku, kisha ya mchana,
kisha mnyororo getini, mpya, unang'aa.
Fedha za kiinua mgongo hazikuwepo. Nikapewa mizani.
Niliisukuma kwa mkokoteni mpaka Mabatini,
watu wakinipisha kama nimebeba jeneza.

Nkwimba hakusema kitu.
Siku zote alikuwa na vyake pembeni:
michembe juu ya bati, karanga, alizeti kidogo,
miche ya mipapai ndani ya makopo ya rangi.
Nilikuwa naviita vijimambo.
Vijimambo hivyo vililipa ada ya Shija muhula ule,
na mimi nilitia saini stakabadhi
bila kumtazama mtu usoni.

Jana aliweka fungu la michembe juu ya mizani yangu.
Mshale haukutikisika.
Akaongeza karanga. Kimya.
Chuma hiki kilifundishwa jambo moja maishani:
chini ya kilo tano, hakuna kitu.

Nilitaka kueleza. Nilianza hata kufungua skrubu.
Yeye akacheka, akachukua kopo la maziwa,
akajaza, akapangusa kwa kiganja,
akamimina, akajaza tena.
"Hesabu," akaniambia.

Nami, karani wa miaka kumi na tisa,
nikalamba ncha ya kalamu,
nikaandika: moja.