Mita Tisini

Jumamosi asubuhi tulipeleka puto uwanjani,
jekundu, kubwa, kutoka dukani kwa Haf,
salio la harusi ambayo haikufanyika.
Tegwyn alileta uzi wake wa kuvulia samaki,
akaupima kwa mikono iliyotandazwa,
pima moja, pima mbili, hadi hamsini,
maana pima hamsini ndizo mita tisini
na mita tisini ndio urefu wa bomba la moshi
walilolificha ukurasa wa mia mbili na kumi na nne
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Bonde letu ni jembamba.
Nyumba zimeshikana mabega kandokando ya mto,
paa za mawe meusi, milango ya rangi
ambazo mume na mke huzichagua kwa ugomvi.
Makaa ya mawe yalichimbwa hapa miaka mia.
Babu yangu Iorwerth aliyachimba thelathini,
mengine akaondoka nayo kifuani;
usiku tulimsikia akiyatafuta, kohozi kwa kohozi.
Aliyeumwa na nyoka, wanasema, akiona unyasi hushtuka.
Sisi hatukuona unyasi.
Tuliona mkia.

Mtu wa kampuni alikuja na koti la buluu na biskuti.
Hakusema kuchoma taka. Alisema kurejesha nishati.
Alisema kwa kawaida upepo huelekea mlimani.
Hilo neno kawaida alilitamka mara kumi na moja:
Eluned, mwalimu mstaafu wa hesabu,
alichora vijiti nyuma ya bahasha.
Na jivu? akauliza.
Jivu litashughulikiwa.
Na nani?
Litashughulikiwa.
(Kitenzi kisicho na mtendaji
ndicho mlango wa nyuma wa kila ofisi.)

Basi puto likapanda.
Likapita paa la kanisa, likapita nyaya za umeme,
likapita pale ambapo shingo huanza kulalamika.
Mbwa wa Gwilym akakaa chini bila kuambiwa.
Tegwyn akaachia pima ya mwisho, akasema: Hapo.
Hapo palikuwa juu sana.
Hapo palikuwa karibu sana.

Kisha upepo, ambao hakuna aliyeualika kikaoni,
ukaja wenyewe
ukalisukuma. Si mlimani.
Puto likainama polepole
kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi,
likatua hewani juu ya shule ya msingi,
juu ya ua wenye miraba ya chaki
na viatu vidogo vya mvua dirishani.

Hakuna aliyeshangilia. Tulipiga picha.

Jumanne, ukumbi wa baraza: viti themanini, watu mia tatu,
makoti yakitoa mvuke kama ng'ombe.
Eluned alipewa dakika tatu. Alizungumza mbili.
Ya tatu alisimama kimya, ameinua picha,
na mwenyekiti akaitazama saa, akaitazama karatasi,
akatazama kila kitu kisicho picha.
Wakaahirisha hadi majira ya kuchipua.
Wengine walikumbatiana pale nje kwenye mvua.
Mimi sikuweza. Kuahirisha si kukataa;
ni mlango ulioegeshwa.

Nyumbani nikaukuta mfuko wangu mweusi kizingitini,
umefungwa shingo, unangoja lori la alfajiri.
Niliufungua. Nikakaa kwenye ngazi, taa ikiwa imewashwa,
nikachambua: chupa huku, makopo huku,
maganda ya viazi, nepi za mtoto,
kidoli nilichodai kimepotea.
Mikono ilinuka hadi asubuhi.
Sijui vyote hivi vipelekwe wapi.
Najua tu kwamba ni vyangu, na ni vizito.

Ah, na puto. Uzi ulikatika Jumapili usiku.
Mvulana wa darasa la pili alilikuta limesinyaa
chini ya bembea za shule,
akalibeba kwa mikono miwili hadi kwa mwalimu,
akauliza ni la nani.