Sampuli ya Alhamisi

Kazi yangu ni kukata.
Ghalani Tandahimba, msimu ukifunguliwa,
nachota kilo moja kutoka katikati ya lundo,
nahesabu: mia na tisini na tatu.
Kisha mkasi, ta,
moja moja, ta,
nyeupe huku, zenye madoa kule,
zilizooza, zilizosinyaa,
na zile ganda tupu.
Gunia halinidanganyi kwa uzito.
Nimekuta humo mchanga, nimekuta kokoto,
mwaka juzi nilikuta kitasa cha mlango.

Alhamisi usiku tunakutana kufikiri,
chumba cha nyuma, duka la vipuri la Hokororo,
watu saba, siku nyingine kumi,
taa ya sola, birika la tangawizi,
harufu ya tairi mpya.
Mimi ndiye katibu.
Wiki ile niliandika juu ya ukurasa:
*Mtu akisema uongo bila kujua, kadanganya?*

Mwalimu Dismas alifungua kwa majina ya wafu watano,
akayapanga kama vyeti ukutani.
Likapo akamjibu jambo ambalo Dismas hakulisema,
akalishinda vizuri sana,
akaketi akipepea kola ya shati.
Abilahi alisema "kimsingi" mara kumi na moja;
nilichora vijiti pembeni mwa ukurasa.
Mwingine aliitaja mantiki
kama mtu anavyotaja shemeji yake polisi.
Nami nilisimama, nikasema:
"Kuna haja ya kutofautisha."
Wakatikisa vichwa.
Nikaketi kabla sijatofautisha.

Kwenye kona alikuwapo Somoe, mshona magunia.
Alifuata deni lake, elfu tatu,
mvua ikamzuia.
Sindano ndefu ikiwa imechomekwa kwenye kanga begani,
akauliza:
"Huyo mtu, angeweza kujua?
Maana mimi nilimwambia mama mkwe
dawa zipo zahanati.
Juzi yake zilikuwepo, niliziona.
Akaja kwa miguu toka Mahuta.
Hazikuwepo."

Tukanyamaza.
Sikumbuki kimya kama kile chumbani mle.
Nililisikia ganda likiachia.

Kisha Likapo, kwa upole wote:
"Dada, hapa tunazungumza kinadharia."
Tukacheka.
Nami nilicheka.
Kicheko changu hakimo daftarini.

Mvua ilipopungua akalipwa elfu moja na mia tano,
akaenda, kandambili zikipiga matope.

Nyumbani nilishindwa kulala.
Nikawasha kibatari, nikalifungua daftari,
nikalikata.
Sentensi ya Dismas: ganda zuri, linang'aa.
Ya Likapo: kokoto.
Yangu ile ya kutofautisha niliipasua,
nikakuta ganda,
na ndani ya ganda,
vumbi.
Nzima ilikuwa moja,
na hiyo sikuwa nimeiandika.

Korosho ina mafuta machungu kwenye ganda lake.
Yanababua. Yanatia weusi usiotoka kwa sabuni
wala kwa ndimu.
Mkataji wa kweli utamjua msibani,
anaponawa kabla ya kula.
Alhamisi iliyofuata niliwatazama wenzangu
wakishika vikombe chini ya taa:
vidole safi.
Miaka minne ya hoja,
vidole safi.

Sikungoja mwisho wa kikao.

Kesho yake, kabla ya mnada, nilimkuta kibandani,
anashona mdomo wa gunia, uzi menoni.
Nikamwambia, lile swali lako.
Akasema, "Nilimwomba radhi mama mkwe.
Kasema hana cha kunisamehe,
sikujua.
Lakini tangu siku ile
haniulizi tena kitu chochote.
Sasa mwenzangu unayeandika,
kanisamehe, au hajanisamehe?"

Nilikuwa na maneno mengi, mengine mazito.
Niliyaonja moja moja.
Nikamwambia, sijui.

Akakata uzi.
Akanisogezea gunia la pembeni,
nikalikalia,
sikulipima.