Glavu Moja

Vua glavu zako za sufu, Taavet. Ziweke mezani.
Sasa vaa ya kushoto mkono wa kulia.
Umeona? Kidole gumba kinatafuta mlango
na mlango uko upande wa pili.
Basi, somo limekwisha. Yaliyobaki ni mabomba.

Hapa Tartu theluji imeziba madirisha ya chini,
nawe umekuja na viatu vya kiangazi, nimeviona,
na daftari jipya, na swali tangu mlangoni:
vitu viwili vyenye uzito mmoja,
vinavyochemka kwa joto moja,
atomu zilezile, zimeshikana kwa mpango uleule,
nani atavitenganisha?

Fungua chupa hizi mbili. Usitie pua ndani,
pepea kwa kiganja.
Ya kwanza ni nanaa.
Ya pili, ndiyo, umecheka, mkate mweusi wa nyumbani kwenu,
kisibiti kilichokwama jinoni tangu asubuhi.
Jina lao moja: karvoni.
Huyu ni sura ya huyu kwenye kioo,
na kioo hakijawahi kumtoa mtu nje.
Pua yako imewajua kabla ya mashine yangu.
Ndani ya pua mna glavu.

Mashine ina bei zaidi.

Hii ndiyo safu: chuma, urefu wa shubiri,
ndani chembe za silika zilizopakwa selulosi,
kitu cha pamba na magogo, kilichosokotwa upande mmoja tu
tangu mti wa kwanza.
Soma mshale. Usiugeuze.
Asetoni usiilete karibu, wala kloroformu.
Mwaka juzi Ülo aliosha bomba kwa asetoni,
akasahau kidogo ndani, na safu ya bei ya gari kuukuu
ikachunika ngozi ndani kwa ndani, kimya.
Hatukumfukuza.
Huosha vyombo hadi leo bila kuambiwa.

Heksani tisini, isopropanoli kumi.
Pampu polepole, nusu mililita kwa dakika.
Shinikizo likiruka, zima, ndipo uniite.
Ngoja mstari ulale.
Nilisema ulale, Taavet. Huo bado unajikuna.

Anza na mchanganyiko, nusu kwa nusu.
Wageni wote hutaka kuanza na kilicho safi,
lakini kilele kimoja hakisemi kitu:
huenda ni mmoja,
huenda ni wawili wamekumbatiana.

Sindano. Mikrolita tano.

Bibi yangu alikuwa na shoto. Shuleni
walimfunga mkono huo kwa mshipi kwenye kiti,
wakamwachia wa kulia. Akalia. Kisha akaandika,
mwandiko mzuri, wa mtu mwingine.
Lakini kufuma alifuma kwa shoto, gizani,
na uzi ukapinda kinyume na wa majirani wote.
Mtu wa kwetu ulimjua kwa glavu zake.

Haya, tazama. Kilima kimoja chenye bega.
Usikunje uso. Bega ni habari njema:
kuna mtu nyuma ya mtu.
Shusha isopropanoli, kumi hadi mbili,
wape muda wa kushikana mikono na ukuta,
mmoja ashikike sawasawa, mwenzake ateleze.

Saa tisa, jua limekwisha kuaga.
Kilele.
Bonde, nalo limegusa sakafu!
Kilele.
Unataka kupiga picha. Piga.

Halafu niulize lile ambalo hujaniuliza:
nani katoka kwanza?
Mashine haijui. Inaona mwanga uliomezwa,
nao wameumeza sawasawa, tone kwa tone.
Kwa hiyo leta chupa ya kisibiti, safi, peke yake,
uipitishe nyuma yao.
Nimeweka dau la kahawa kwa kilele cha pili.
Andika saa. Keti.
Glavu yako moja imeanguka chini ya meza,
sijui ni ipi.