Karai la Tambuu

Siku ya kwanza nilisema ni bahati mbaya.
Ya pili nikamwita mtovu wa adabu,
nikapandisha godoro darini, nikalimwagia siki:
"Tambuu, wewe si paka wa mtaroni,
umelelewa humu, wajua karai li wapi."
Akanitazama kwa yale macho ya komwe,
akashuka ngazi, mkia chini.

Ya tatu alikojolea kofia ya vito
niliyobakiza matundu saba kuimaliza,
ya harusi ya kijana wa Omari Kupi,
miezi minne, sindano kwa sindano.
Hapo nilimtukana. Nilimtukana hadi
Mwana Thinana akachungulia dirishani
(Mkomani hakuna siri,
ukuta wangu ndio ukuta wake)
akasema, "Katumwa huyo. Ni husuda."

Sikwenda kwa mganga. Nilikwenda kwa karai,
nikachuchumaa kama mtu aliyeangusha sindano.
Ni mchanga? Zamani nikichota wa Shela,
laini, unga wa kupepeta.
Mwezi huu kijana kaniletea wa mjengo,
una changarawe na vipande vya matumbawe,
hata mimi nisingeukanyaga pekupeku.
Ni harufu? Nililisugua kwa dawa ya choo,
likanuka wodi.
Au ni mahali? Nilikuwa nimelisogeza
karibu na pampu, ile inayonguruma
ghafla alfajiri, nyumba nzima ikaruka.

Nikabadilisha yote. Mchanga wa Shela,
maji matupu, pembe ya giza chini ya ngazi.
Tambuu akaja. Akanusa. Akaingia.
Nikashusha pumzi.
Akachutama muda mrefu,
mrefu kuliko haja,
akalia sauti sijapata kuisikia kwake,
nyembamba, kama uzi ukikatwa kwa jino,
akatoka mbio.
Mchangani palikuwa na tone moja
la rangi ile ya jina lake, likishatafunwa.

Shekuwe hutibu punda,
lakini alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili,
polepole, uso wake ukiangalia pengine.
"Kibofu. Moto mtupu humu.
Shukuru ni jike, dume lingeziba likafa."
Mbona basi godoro, nikauliza, mbona kofia?
"Yeye ajua kibofu ni nini?
Ajua kila akiingia karaini anaumwa.
Kwake yeye karai ndilo linalouma.
Anatafuta pahali laini, pasipouma.
Hakukukomoa, Mwana. Alikuwa akikimbia."

Njiani kikapu kilikuwa kizito kuliko paka.

Nilimpa dawa kwa bomba lisilo na sindano,
siku kumi, mikwaruzo kumi.
Akapona. Karai bado akilipitia mbali,
kama mdaiwa na duka.
Shekuwe akasema, nunua jingine,
rangi nyingine, lisilofanana na lile,
uliweke palipo kimya, pasipopita mtu.

Nyumbani kwangu pako pamoja tu.

Chumba cha ndani, chenye vidaka na samadari,
mwaka wa tatu huu nimekijaza magunia.
Nalala sebuleni. Wakiuliza nasema paa lavuja.
Halivuji.
Humo nilizaa mtoto, hakulia.

Nilisukuma mlango kwa bega,
nikaondoa magunia mawili,
nikatua karai la buluu chini ya dirisha
na kutoka upesi bila kugeuka.

Siku nne, mchanga haukuguswa.
Ya tano, nyayo, ukingoni tu.
Sikumhimiza. Nani alinihimiza mimi
nikamsikia?

Sasa kila alfajiri naingia na kijiko,
maana karai lisiposafishwa atalikataa tena,
na hiyo ni haki yake.
Leo nimekuta madonge mawili, makubwa,
yamefukiwa kwa adabu zote.
Nimeyatia mfukoni mwa gazeti.
Nikakaa kidogo juu ya samadari,
kijiko mkononi,
kabla ya kutoka.