Madoa ya Namba Tatu

Mimi ndiye niliyefua jezi zake.
Misimu kumi na minne, kila Jumapili asubuhi,
kengele ya kanisa ikiwaita wengine,
mimi nageuza soksi ndani nje
na kukung'uta tope la daraja la nne,
la tano, kisha lile daraja
ambalo gazeti la wilaya huliandika kwa herufi za sisimizi.

Gethin Prosser, beki wa kushoto.
Mbio hakuwa nazo. Hesabu alikuwa nazo:
alijua winga atakapotokea kabla winga mwenyewe hajajua,
akafika pale akitembea,
kama mtu anayekwenda posta kuchukua barua.
Siku za kazi aliezeka mapaa kwa mawe bapa ya milima yetu,
hata ikifika Jumamosi
magoti yake yalikuwa yamekwisha cheza mechi moja.

Niliyasoma madoa yake.
Tope jekundu, ugenini Pont Elis.
Nyasi zilizosagika begani, ule mpira alioutoa mstarini
kipa akiwa amelala kama zulia.
Damu yake. Damu isiyo yake.
Na mara moja, mwezi wa Aprili, divai kifuani,
siku pekee tuliyopanda daraja.
Ile sikuifua wiki nzima.

Mabao alifunga mawili maishani.
La kwanza lilimgonga mgongoni likaingia.
La pili lilikuwa golini kwetu.

Goti lilikatika Jumanne usiku, Novemba,
mvua ikinyesha kwa ubavu,
watazamaji mia moja na kumi na wawili, na mbwa.
Nililisikia kutoka jukwaani,
mlio mdogo, wa kijiti kikavu.
Jezi ililetwa kwangu imepasuliwa kwa mkasi toka shingo hadi pindo.
Nikaishona. Hakuna aliyeniagiza.

Mcheza kwao hutunzwa.
Yeye alitunzwa saa ya ukutani
inayochelewa dakika sita.

Kisha Vaughan mwenyekiti akampa funguo za uwanja,
kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuzitaka.
Mwaka wa kwanza bila mshahara, pesa ya petroli tu.
Tangu hapo kinachokuja kwenye mashine yangu
ni suruali yenye tope goti moja, la kulia, maana la kushoto halikunji,
na koti.

Mifukoni mwa koti: peremende za mnanaa,
risiti ya mipira sita iliyokwisha tumika,
karatasi za vimduara na mishale,
na kila Ijumaa, majina kumi na moja.
Ndivyo nilivyokijua kikosi kabla ya wachezaji.
Sikumwambia mtu.
Hata kinyozi, ambaye angenilipa.

Mwanangu Iolo alikuwa kiungo.
Mguu mzuri, kichwa kizito, miaka kumi na tisa.
Ijumaa ile, ya mechi ya kutoshuka daraja,
jina lake lilikuwa limeandikwa, limekatwa,
limeandikwa pembeni, limekatwa tena.
Mara ya tatu penseli ilitoboa karatasi.

Nilikausha karatasi juu ya jiko, nikairudisha mfukoni.
Nikapika viazi.
Iolo alikula sahani mbili, akisema kesho, kesho,
nami nikamwongezea mchuzi.

Tulishinda moja bila.
Jioni mlango wa nyumba yangu ulifungwa kwa kishindo
mpaka picha ya marehemu mume wangu ikakaa upande.
Nimeiacha hivyo hivyo.

Jumatatu Gethin alikuja kufulia kwangu, anachechemea,
koti mkononi.
Hakusema neno juu ya mechi.
Alisema mvua itarudi Alhamisi.
Akalaza koti mezani, akalipapasa kola,
akaondoka.

Nililigeuza huku na huku dirishani.
Halikuwa na doa.
Mifuko yote mitupu.

Nikalifua.