Daraja la Pili

Kabatini mwa Solbritt hamna kikombe kizima.
Hiki kina kichunusi cha rangi mdomoni,
hiki kimeinama kama mlevi wa Ijumaa,
hiki mkono wake umekaa juu mno:
ukikishika, kidole cha mwisho kinabaki hewani.

Mfinyanzi hulia gaeni.
Hapa Gustavsberg gae nalo lilikuwa na bei:
Alhamisi jioni, mlango wa nyuma wa kiwanda,
vyenye kasoro, kwa wenye kadi ya kazi tu.
Vizima viliondoka kwa meli, vimelazwa kwenye nyasi kavu,
kwenda kwa watu wasiojua
kwamba udongo mweupe hukausha kucha hadi zikapasuka.

Miaka thelathini na mmoja alizungusha mstari wa buluu.
Sahani juu ya gurudumu,
brashi ya manyoya ya kuchakuro,
pumzi imebanwa,
duara moja, mwisho ukaubusu mwanzo,
haya, nyingine.
Ukikohoa, daraja la pili.
Ukimwaza mwanao mwenye surua, daraja la pili.

"Hiki," ananiambia akimimina kahawa, "ni Raili.
Alitoka Ufini, alibandika mikono ya vikombe.
Siku ile ya barua
mikono yote ya asubuhi ilikaa mshazari.
Nilinunua sita."
Na kichunusi? Evert, na chafya yake ya Februari.

Nje ghuba imeganda, watoto wanateleza.
Joko limepoa zamani; ndani yake wanauza mishumaa,
na pale alipokaa yeye na brashi yake
pana mkahawa wenye vikombe vilivyopindwa makusudi,
bei mara kumi.
Alicheka hadi akakitua kikombe.

Nikamwuliza: hukuwahi kuchukua kilicho kizima?

Akanyamaza. Akainuka, goti likalia.
Nyuma ya mfuko wa unga akatoa sahani
iliyovikwa soksi ya mwanamume.
Niliutafuta mwanzo wa mstari kwa ukucha,
nikazunguka mara mbili,
sikuuona.

"Torvald tulimzika asubuhi. Mchana nikaenda kazini.
Mkono haukutetemeka hata chembe.
Nikaiogopa.
Nikaitia chini ya koti, nikatoka nayo."

Akairudisha soksini, taratibu,
kama mtu anayemvisha mtoto aliyelala.
"Mpaka leo haijaona chakula."